Kelele Kwenye Simu ya Mkunga

Mkunga akitoka kazini zahanati alikuwa na kawaida moja. Ananawa mikono, anavuta kigoda, anakaa kando ya simu ya mezani. Hapo habanduki mpaka simu iite.

Nyumba yao ilikuwa bondeni. Simu za mkononi zilishika mtandao kwa kubahatisha. Ukitaka kuongea vizuri, ilibidi upande ngazi mpaka barabara ya juu. Kwa hiyo simu ya waya ilitunzwa kama mboni ya jicho. Ilikaa juu ya kimeza karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa.

Mpigaji wa kila alasiri alikuwa binti yao, waliyezoea kumwita Kipusa. Kipusa alikuwa ameolewa mji wa mbali. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake za kujifungua zilikaribia.

Nje uani, upande wa pili wa dirisha hilo, alifanya kazi mume wa Mkunga. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha na viti vya chuma vilitoka mikononi mwake. Watu walimwita Cheche. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akitaka kumtania.

Siku hizo Cheche alikuwa na kazi iliyomkaa moyoni kuliko zote. Alikuwa anatengeneza kitanda cha mjukuu. Alikikunja miguu ili kibembee. Ubavuni alikitia maua madogo ya chuma. Alilisugua kila ua kwa msasa mpaka likawa laini.

"Hata ulimi wa mtoto ukipita hapa, haukwaruziki," alimwambia mkewe.

"Mtoto hajazaliwa, wewe unamlambisha vyuma!" Mkunga alicheka.

Alasiri moja simu iliita. Mkunga aliinyakua.

"Haloo, mwanangu! Umekula? Miguu bado inavimba?"

Kabla Kipusa hajajibu, simu ilianza kukoroma. *Krrr! Krrr-krrr!* Sauti ya binti ikamezwa. Ikatokea kidogo, ikamezwa tena.

"Cheche!" Mkunga aliita kupitia dirishani. "Njoo usikie simu hii inavyokoroma!"

Cheche alikuwa katikati ya kazi. Akaweka chini kijiti cha kuchomelea. Akavua ngao ya uso. Akajifuta jasho, akaingia ndani, akaweka simu sikioni.

Simu ilikuwa shwari. Sauti ya Kipusa ilikuja kama yuko chumba cha pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kipusa wangu. Mama yako anasema simu inakoroma. Mimi nasikia sauti yako tu, tamu kama zamani."

Akamrudishia mkewe simu huku akimkonyeza.

"Mke wangu, masikio yako yamechoka. Umesikia vilio vya vichanga miaka mingi mno."

"Nakwambia ilikuwa inakoroma sasa hivi!"

"Sawa, sawa. Inakoroma."

Cheche akarudi uani akicheka peke yake. Akavaa ngao yake, akagusisha kijiti kwenye chuma. Na ndani, simu ikaanza tena. *Krrr!*

Ikawa hivyo alasiri baada ya alasiri. Mkunga akilalamika, Cheche anaacha kazi na kuja kusikiliza. Akija, hakuna kelele. Akiondoka, kelele hizo. Mkunga alianza kuhisi simu inamfanyia makusudi.

"Simu hii inakuogopa wewe," alimwambia mumewe.

"Inanipenda," alijibu Cheche. "Kila kitu hapa nyumbani kinanipenda, isipokuwa paka."

Kelele hizo zilianza na mwanzo wa kitanda cha mjukuu, lakini hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Na ilitokea hivi.

Mashine ya kuchomelea ina nyaya mbili nene. Mmoja unashika kijiti. Wa pili mwisho wake una kibanio, mfano wa koleo. Kibanio kinabanwa kwenye chuma kinachochomelewa. Umeme unatoka kwenye kijiti, unapita kwenye chuma, kisha unarudi kwenye mashine kupitia kibanio. Njia hiyo isipokamilika, hakuna cheche.

Siku Cheche alipotaka kuanza kitanda, geti zito lilikuwa limeuangukia waya wa kibanio. Akakata sehemu iliyopondeka. Waya uliobaki ukawa mfupi, haufiki mezani. Duka la vifaa lilikuwa mbali kidogo, na yeye mikono ilikuwa inamuwasha kuanza.

Akatazama huku na huku. Chini ya dirisha, ukutani, kulikuwa na kisanduku cha kampuni ya simu. Kutoka kwenye kisanduku ulishuka waya mwembamba wa kijani na manjano, mpaka kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa ardhini. Waya huo huitwa waya wa ethi. Cheche aliuona kila siku, lakini hakuwahi kuona unafanya kazi yoyote.

"Huyu kalala tu hapa," alijisemea. "Atanisaidia."

Akaumenya kidogo, akaubana kwa kibanio chake. Juu kidogo akaumenya tena, akaufunga na mguu wa meza ya chuma kwa waya wa kufungia nondo. Akajaribu. Cheche zikatoka nzuri, za bluu. Akajipongeza. Waya mpya angenunua kesho. Kesho hiyo ikawa kila siku inasogea mbele.

Siku moja Kipusa alipiga mapema kuliko kawaida. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, leo nime—" *krrr* "—tangu asubuhi—" *krrr-krrr* "—nikiangalia—"

"Rudia, mwanangu! Sikusikii!"

*Krrrrr!*

"Si kitu, mama," Kipusa alisema kelele ilipopumua. "Tutaongea kesho. Nimechoka kupiga kelele."

Mkunga aliweka simu chini taratibu. Alikaa akiitazama. Ukunga ulikuwa umemfundisha kitu kimoja: mjamzito akisema "si kitu", ndipo pa kumwuliza zaidi. Alipiga tena, mara mbili. Hakuna aliyepokea. Bila kumwambia mumewe, alipanda ngazi mpaka barabara ya juu. Akapiga kwa simu ya mkononi. Nayo haikupokelewa. Alipokuwa huko, akaipigia kampuni ya simu.

"Tumeni fundi," aliwaambia. "Na mtume anayesikia vizuri, maana hapa kwangu yupo mmoja asiyesikia."

Kesho yake alasiri fundi wa simu alifika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye ngazi begani na mkoba wa vifaa kiunoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu," Mkunga alimpokea mlangoni. "Afadhali umekuja. Mume wangu anasema nimekuwa kiziwi."

"Waume wote husema hivyo, dada. Mimi wangu husema hivyo nikimwomba aoshe vyombo."

Fundi wa simu akainua simu, akasikiliza. *Krrr. Krrr-krrr.* Kimya kidogo. *Krrrr!* Akasogea dirishani na ile simu sikioni, akatazama uani. Cheche alikuwa ameinama juu ya kitanda cha mjukuu, uso umefichwa na ngao. Cheche zikiruka, simu inakoroma. Cheche zikikoma, simu inanyamaza.

"Dada, wewe si kiziwi," alisema fundi wa simu. "Hebu niangalie kile kisanduku."

Akaweka simu mahali pake. Hapo hapo ikaita. Mkunga akaidaka.

"Mama—" *krrr* "—kichwa—" *krrr-krrr* "—macho yangu—"

Mkunga akasimama wima.

"Kipusa! Kichwa kimefanya nini? Macho yamefanya nini?"

*Krrrrrrr!*

Fundi wa simu hakungoja. Alitoka mbio mpaka uani. "Baba! Zima mashine!" Cheche hakusikia, maana mashine ilikuwa inanguruma. Fundi hakumgusa wala hakugusa chuma chochote. Alitafuta swichi kubwa ukutani, akaibonyeza chini.

Mashine ikafa. Cheche akanyanyua ngao, macho yamemtoka.

"Nani kanizimia umeme? Wewe nani?"

Fundi wa simu akaweka kidole mdomoni, kisha akaonyesha dirisha. Sauti ya Mkunga ilikuwa inatoka ndani, thabiti, polepole.

"Sasa nakusikia, mwanangu. Sema tena. Kichwa kinauma tangu lini? ... Tangu jana asubuhi. Na unaona vimulimuli machoni. Sawa. Uso nao umevimba? ... Usilie. Mumeo yupo hapo? Mpe simu."

Cheche alisimama na ngao mkononi. Hata kupumua alipumua kwa kuiba.

"Mwanangu," Mkunga alimwambia mkwewe, "msingoje jioni. Usimpe dawa ya kichwa ukadhani yamekwisha. Nendeni hospitali sasa hivi, kwa gari lolote mtakalopata. Mkifika tu, semeni hivi: mjamzito, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona vimulimuli. Watampima presha na mkojo. Nenda, baba. Nenda."

Akaweka simu.

Cheche aliingia ndani na viatu vyake vya kazi, kitu ambacho hakuwahi kuthubutu.

"Ana nini mtoto wangu?"

"Dalili za kifafa cha mimba," alisema Mkunga. "Ni hatari kwake na kwa mtoto. Akiwahi hospitali, watamsaidia. Jana alitaka kuniambia. Alinieleza yote, Cheche, na mimi sikusikia neno."

"Kampuni hii ya simu—" Cheche alianza, akimgeukia fundi.

"Baba yangu," alisema fundi wa simu kwa upole, "twende nje kidogo. Na wewe dada, njoo. Mlango uwe wazi, simu ikiita tuisikie."

Walichuchumaa watatu mbele ya kisanduku. Fundi wa simu alinyoosha kidole bila kugusa.

"Nani alifunga kibanio hapa?"

Cheche akakitazama kibanio chake, akamtazama fundi, akamtazama mkewe. Uso ukamshuka.

"Mimi," alisema. "Ule waya ulikuwa umekaa bure."

"Waya huu kazi yake ni kukaa bure," alisema fundi. "Unangoja balaa. Radi ikipiga karibu, au nyaya za umeme zikigusana na za simu, umeme mkali hukimbilia ndani ya waya wa simu. Ndani ya kisanduku hiki kuna kifaa kinachoukamata. Kisha waya wa ethi unaupeleka ardhini. Sasa tazama."

Ganda la plastiki la waya lilikuwa limelegea na kuwa jeusi. Lilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Umeupitisha umeme wote wa kuchomelea kwenye waya mwembamba kama huu. Umepata moto mpaka umekaribia kukatika. Ungeweza kuwasha moto ukutani. Ukikatika, radi ikija haitakuwa na njia ya kushuka. Itatafuta njia nyingine. Itapitia kwenye simu, na kwa aliyeishika."

Cheche hakuuliza ni nani anayeishika simu kila alasiri.

"Na zile kelele?" Mkunga aliuliza.

"Kelele nazo zimetoka hapa. Umeme ukipita kwenye waya, huzungukwa na nguvu isiyoonekana, kama ya sumaku. Umeme wa kuchomelea ni mwingi, tena unarukaruka. Nguvu yake inaingia kwenye waya wa simu ulio jirani. Sisi tunaita mwingiliano. Sauti ya binti ni kama mtu anayenong'ona. Mashine hii ni ngoma. Na hapa ngoma umeifunga kabisa mwilini mwa anayenong'ona."

"Lakini mimi nilikuja kusikiliza!" alisema Cheche. "Kila nikiitwa nilikuja. Simu ilikuwa safi!"

"Ulikuja na nini mkononi?"

"Bila kitu. Niliacha kazi, nikaja..." Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Niliacha kazi."

Mkunga alimtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa makali. Lakini nyuma ya mumewe aliona kile kitanda kidogo chenye maua. Maneno yakapungua makali.

"Na mimi ndiye mwenye masikio mabovu!" alisema. Kisha akamwekea mkono begani. "Inuka. Tengenezeni kitu hiki kabla simu haijaita tena."

"Nifanyeje?" Cheche alimuuliza fundi. "Niache kazi?"

"La, baba. Kazi fanya, kwa utaratibu wake tu. Wataalamu wa mawasiliano kutoka nchi nyingi hukutana. Wanapima, wanajaribu, wanabishana, kisha wanakubaliana namna ya kulinda nyaya za simu, vifaa na watu. Makubaliano hayo huitwa viwango vya kimataifa. Sisi mafundi tunafundishwa kutoka huko."

"Yaani watu wamekaa mezani huko mbali, wakanifikiria mimi na kibanio changu?"

"Wamekufikiria wewe, na mimi ninayepanda ngazi, na binti anayepiga simu."

Cheche akatikisa kichwa. "Basi niambie walichokubaliana."

"La kwanza, waya wa ethi wa simu usiguswe na mtu asiye fundi wa simu. Si wa kuchomelea, wala si wa kuanikia nguo. Kibanio chako kikae kwenye chuma unachochomelea, karibu kabisa na kazi. Nyaya zako mbili nene zilale pamoja, ubavu kwa ubavu. Zikilala hivyo, nguvu ya mmoja inapunguza ya mwenzake."

"Hilo sikulijua. Mimi mmoja huwa naupitisha huku, mwingine kule."

"Na huu?" Fundi alionyesha ukutani. Waya wa simu ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa umeme wa mashine, kwa utepe, nadhifu kabisa.

"Niliufunga mimi," Cheche alisema kwa sauti ndogo. "Niliona unaning'inia ovyo."

"Umeupendezesha, lakini umewapa majirani wasiopatana kitanda kimoja. Nyaya za simu na za umeme ziachane. Zikilazimika kukutana, zikatane mara moja kama njia panda, zisitembee pamoja. Na ethi ya umeme wa nyumba mwite fundi umeme aiangalie, aiunganishe na ya simu inavyotakiwa. Isiwe kila moja inajifanyia yake."

Cheche hakungoja kesho. Alichukua baiskeli, akaenda duka la vifaa jinsi alivyo, na aproni ya ngozi kifuani. Aliporudi na waya mpya mnene, fundi wa simu alikuwa amekwisha badilisha waya wa ethi na kile kifaa cha kukinga ndani ya kisanduku. Alipima ethi kwa mita yake, akaridhika. Waya wa simu akaupandisha juu ya dirisha, mbali na umeme. Wakasaidiana kuihamishia mashine na meza upande wa pili wa uani.

"Sasa choma," alisema fundi. "Dada, wewe shika simu usikilize."

Cheche akavaa ngao. Akabana kibanio kwenye chuma, akagusisha kijiti. Cheche zikaruka. Akasimama, akapaza sauti.

"Mke wangu! Unasikia nini?"

"Usije!" Mkunga alijibu kutoka ndani. "Endelea kuchoma! Ukija utaniharibia tena!"

Fundi wa simu akacheka mpaka akashika ngazi.

"Nasikia mlio wa simu tu," Mkunga aliendelea. "Safi kabisa!"

Cheche akazima mashine. Hakuwa na moyo wa kuendelea. Walikaa watatu sebuleni na vikombe vya chai vilivyopoa. Fundi wa simu alikuwa amemaliza kazi yake, lakini hakuaga.

Jua lilipokuwa linashuka, simu iliita. Mkunga aliinua.

Alikuwa mkwe wao. Walifika hospitali. Presha ya Kipusa ilikuwa juu sana. Madaktari walimlaza hapo hapo, wakampa dawa. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angeanza degedege. Sasa alikuwa ametulia, na wangemsaidia ajifungue mapema. Kila neno lilisikika.

Mkunga alirudia kila neno kwa sauti, ili Cheche asikie. Cheche aligeukia ukutani, akalia. Fundi wa simu akabeba ngazi yake taratibu.

"Nimesahau kuwaambia moja," alisema alipofika mlangoni. "Radi ikinguruma, simu ya waya iacheni ilie. Mtaongea mvua ikipita."

"Hata akipiga Kipusa?" Cheche aliuliza huku akijifuta macho.

"Hasa akipiga Kipusa."

Asubuhi iliyofuata Kipusa alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa mdogo, lakini mzima, na mama yake mzima.

Kitanda kilimalizwa, kikapakwa rangi, kikasafirishwa. Cheche aliwaendea mafundi wenzake wa mtaa huo mmoja mmoja. Aliwaonyesha kile kipande cha waya kilichoungua, akawaeleza bila kujificha. Mmoja alimcheka. Kisha alirudi kwake, akaangalia ukuta wake, akaja jioni kuuliza namba ya fundi wa simu.

Alasiri moja Cheche alikuwa amemaliza kazi, amekaa kigodani mwenyewe. Simu iliita, akawahi kabla ya mkewe.

"Baba," alisema Kipusa kwa kunong'ona, "nimemlaza kifuani. Sikiliza."

Cheche akabandika simu sikioni. Akafumba macho. Kwanza hakusikia kitu. Kisha akasikia pumzi, nyepesi, ikipanda na kushuka. Halafu kitu kingine kidogo sana. *Ik.* Kimya. *Ik.*

"Ana kwikwi!" Cheche alipiga kelele. "Mke wangu, mjukuu wangu ana kwikwi! Nimeisikia!"

"Mwambie amnyonyeshe, itakoma," alisema Mkunga.

Cheche akaziba simu kwa kiganja.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ngoja nisikie nyingine."